Klabu Ikifilisika, Nani Atangulie Kulipwa?

Katika mazungumzo ya kandanda yanayosikika hapa Tanga, Pangani na Muheza, na vivyo hivyo ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, liko jambo moja ambalo halijapewa uzito unaolistahili. Jambo hilo ni madeni ya vilabu. Watu huulizana nani amesajiliwa na nani ameachwa, kocha yupi amefika na yupi amefungasha virago. Lakini ni wachache wanaouliza ni nani, klabu inapoishiwa fedha na wadai wakasimama mlangoni, mwenye haki ya kutangulia kulipwa. Aulizaye hivyo huonekana kama mtu aliyeleta habari za matanga katika harusi. Hata hivyo wazee wetu walikwisha tuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Na harusi za mpira wetu zimekuwa nyingi mno hata haifai tena kuyafumbia macho matanga yake.

Suala hili si la wapenzi wa mpira peke yao. Timu inapoingia katika uwanja wa Mkwakwani, nyuma yake wako watu wengi wasiovaa jezi ambao ndio waliowezesha mchezo ule kuchezwa. Yuko mwenye basi aliyewaleta wachezaji, mwenye nyumba ya wageni waliyolala, mama lishe aliyewapikia kambini, mwenye duka la dawa aliyetoa bendeji kwa kuandika daftarini, dobi, mlinzi na mtunza uwanja. Si wote wanaolipwa taslimu. Wengine huandika na kungoja. Kwa hiyo klabu inapoanguka huuangukia mji, na wa kwanza kuumia ni wale ambao sauti zao hazifiki mbali.

Sisi watu wa pwani si wageni wa kanuni za kupanga madeni. Mtu anapofariki, kila aliyepita chuoni anajua kwamba mali yake haigawanywi kwa pupa. Hutangulia gharama za maziko, hufuata madeni, kisha wasia, na mwisho kabisa warithi hupata mafungu yao. Mrithi hali kabla mdai hajalipwa. Sheria za nchi nazo zina mpangilio wake. Kampuni inapofilisika, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inayotumika Tanzania Bara huyatenga baadhi ya madeni yalipwe kabla ya mengine, miongoni mwao kodi za Serikali na mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango maalumu; wadai wa kawaida hugawana kinachosalia kwa uwiano wa madai yao. Msingi wa kanuni zote hizo ni mmoja: mali isipotosha, anayetangulia lazima awe na sababu inayoeleweka na watu wote. Haitoshi kuwa anajuana na mwenye ufunguo.

Mchezo wa mpira, hata hivyo, umejitengenezea mpangilio wake wenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uingereza. Huko ligi zina kanuni inayoitaka klabu iliyofilisika ilipe kikamilifu madeni ya mpira, yaani fedha inazodaiwa na wachezaji wake na vilabu vingine, ndipo iruhusiwe kuendelea kushiriki mashindano. Kanuni hiyo haimo katika sheria za Bunge la nchi ile. Nguvu yake inatokana na ukweli kwamba nafasi ya klabu katika ligi imo mikononi mwa ligi yenyewe. Anayetaka kuinunua klabu iliyoanguka hapati nafasi hiyo mpaka madeni ya mpira yalipwe, na klabu isiyo na nafasi katika ligi haina thamani kubwa kwa mnunuzi yeyote.

Matokeo ya kanuni hiyo yalionekana wazi mwaka 2010. Klabu ya Portsmouth, ambayo miaka miwili tu kabla ya hapo ilikuwa imetwaa Kombe la FA, ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi ikiwa bado katika ligi hiyo. Ilikatwa pointi 9 na kushuka daraja. Katika mapatano ya mwaka huo wadai wa kawaida waliahidiwa peni 20 kwa kila pauni waliyodai, hali wadai wa mpira wakistahili pauni nzima. Katika orodha ya wadai hao wa kawaida walikuwamo watoza kodi wa Serikali, wafanyabiashara wa mji ule, na hata chama cha hiari cha St John Ambulance, ambacho watu wake husimama kando ya uwanja wakingoja kumhudumia aliyeumia.

Mamlaka ya kodi ya Uingereza haikuridhika, ikalipeleka suala la kanuni hiyo mahakamani. Mwezi Mei 2012 Mahakama Kuu mjini London ililikataa dai lake dhidi ya Football League, lakini Jaji David Richards alitahadharisha kwamba hukumu yake isichukuliwe kuwa ni kuibariki kanuni yenyewe. Mwaka mmoja kabla, kamati ya Bunge inayoshughulikia michezo ilikwisha pendekeza kanuni hiyo ifutwe. Haikufutwa. Baadaye Football League iliongeza sharti kwamba klabu inayotoka katika ufilisi ionyeshe kuwa wadai wa kawaida nao wamepata sehemu isiyopungua kiwango kilichowekwa, ama sivyo ikatwe pointi zaidi. Hata wenye kanuni, basi, wamekiri kwamba jirani wa klabu hakutendewa haki.

Msomaji atauliza, mambo ya Portsmouth yanatuhusu nini sisi wa Tanga? Yanatuhusu kwa sababu kanuni ya jinsi hiyo imekwisha ingia kwetu kwa mlango wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Kimataifa, FIFA. Tangu mwaka 2018, klabu iliyoamriwa na FIFA kumlipa mchezaji au klabu nyingine, na isilipe kwa muda iliyopewa, hufungiwa kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe, na kifungo hicho chaweza kufika misimu mitatu ya usajili mfululizo. Kadhalika mchezaji aliyenyimwa mishahara ya miezi miwili anaweza kutoa notisi ya siku 15 na, asipolipwa, kuuvunja mkataba wake kwa haki. Vigogo wetu wawili wa Dar es Salaam, Simba na Young Africans, kila mmoja amekwisha onja kifungo cha usajili kwa sababu ya fedha alizodaiwa. Jirani zetu wa Kenya waliona makubwa zaidi: mwaka 2023 Gor Mahia ilikuwa bingwa wa nchi, lakini haikuruhusiwa kushiriki Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wake wa zamani. Ubingwa wa msimu mzima ulizuiwa na daftari la madeni.

Tukitazama kwa makini tutaona kwamba kinga hiyo ya FIFA haiwafikii wote. FIFA husikiliza mashauri yanayovuka mipaka ya nchi. Mchezaji aliyetoka Ghana au Zambia akidhulumiwa mshahara wake hapa nchini, hupeleka madai yake ng'ambo, na klabu hutetemeka. Kijana wa Korogwe au wa Wete aliyecheza naye upande kwa upande, akavuja jasho lile lile na kudhulumiwa miezi ile ile, hupeleka shauri lake kwenye vyombo vya shirikisho la hapa nyumbani na kungoja. Mama lishe hana chombo chochote cha mpira cha kukiendea. Akienda mahakamani itambidi kwanza ajue anamshitaki nani, maana uongozi aliokopesha ulikwisha ondolewa katika uchaguzi, na uongozi mpya unasema haukuukuta mkataba wake ofisini.

Hivyo kwetu sisi tayari liko fungu la wanaotangulia kulipwa, ingawa hakuna aliyekaa akalipanga. Anatangulia mwenye pasipoti ya kigeni, anafuata mwenye wakili, na wa mwisho ni mwenye daftari la mkononi. Mpangilio huu haukutokana na sheria ya nchi, wala dini, wala desturi yetu, na hakuna mtu ambaye angethubutu kuutetea hadharani.

Ili kuujua undani wa tatizo hatuna budi kuelewa vilabu vyetu ni vitu gani. Tanzania Bara, klabu ya michezo huandikishwa kwa Msajili chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Sheria hiyo ilitungwa wakati mpira ulikuwa wa ridhaa na klabu ilikuwa chama cha wanachama waliochangishana. Hapakuwa na haja ya kufikiria ufilisi, kwa sababu hapakuwa na mishahara mikubwa wala ada za uhamisho. Leo vilabu vingine vimeanza kugeuka makampuni, na wanachama wa Simba walikubali mwaka 2017 njia ya kumkaribisha mwekezaji. Lakini klabu nyingi za mikoani bado zina umbo la chama cha zamani na matumizi ya kampuni ya kisasa. Chama cha namna hii kikishindwa kulipa, mara nyingi hakipelekwi kwa mfilisi. Hushuka daraja, hubadilisha viongozi, na madeni hubaki yakining'inia.

Tena tuulize, mfilisi akija atakuta nini? Uwanja wa Mkwakwani si mali ya timu zinazouchezea; ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Timu isiyo na uwanja itakuwa na mipira, jezi, pengine basi kuukuu na samani za ofisi. Vyote hivyo haviwezi kulipa hata mishahara ya miezi michache. Kitu chenye thamani hasa ni viwili: mikataba ya wachezaji, na nafasi ya klabu katika ligi. Vyote viwili viko chini ya mamlaka ya mpira. Kwa maneno mengine, mahakama yaweza kutoa hukumu, lakini ufunguo wa ghala umo mkononi mwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Bodi ya Ligi. Ndiyo maana mjadala huu hauwezi kuachiwa wanasheria peke yao. Tunachopaswa kuuliza ni kwa faida ya nani ufunguo huo utumike.

Tanga ina sababu ya kulisema jambo hili kwa sauti. Coastal Union, iliyoasisiwa mwaka 1948, iliuleta ubingwa wa Tanzania Bara hapa mwaka 1988, na Wagosi wa Kaya wakawa fahari ya mkoa mzima. Lakini mwaka 2016 tulishuhudia msiba ambao haukuwa umetokea: timu zetu zote tatu za Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja katika msimu mmoja. Mkoa uliokuwa na timu tatu ukabaki bila hata moja. Timu inaposhuka daraja, mapato hushuka siku hiyo hiyo, lakini madeni hayashuki. Fedha za mlangoni hupungua, wafadhili huaga, na fungu la televisheni hukatika. Tangu mwaka 2021, Azam Media ilipotia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 na shirikisho, tofauti kati ya aliye ndani ya Ligi Kuu na aliye nje imekuwa kubwa kupita zamani.

Coastal Union ilirejea mwaka 2018. Mwaka 2022 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha ikafungwa na Young Africans kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya mabao 3 kwa 3, na mwaka 2024 ilimaliza Ligi Kuu katika nafasi ya nne na kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Tunayataja haya ili kuonyesha kwamba mpira wa Tanga una uhai. Kitu chenye uhai hupewa mkopo, na chenye kukopa lazima kiwe na kanuni ya kulipa.

Visiwani hali ina sura nyingine. Klabu nyingi zenye nguvu Unguja ni za vyombo vya Serikali, kama vile KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto. Anayezidai hujua ofisi ilipo na mkubwa wake ni nani. Lakini klabu za mitaani kama Malindi na Mlandege, na nyingi za Pemba, zinategemea wanachama na wafadhili, na katika hizo swali letu lina uzito ule ule wa Tanga. Kuna hatari pia ya kwamba klabu ya raia itakayotaka kushindana na klabu ya chombo chenye bajeti itakopa kupita uwezo wake, na atakayelipia mashindano hayo ni muuza samaki wa Darajani.

Yafaa sasa tuwape haki yao wale wanaotetea kwamba madeni ya mpira yatangulie. Hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni kwamba klabu haziwezi kushindana kwa haki iwapo moja inanunua mchezaji bila kulipa na kuishinda ile iliyojinyima ikalipa. Ya pili ni kwamba vilabu vimefungamana kama ngalawa zilizofungwa kamba moja: mmoja asipomlipa mwenzake, yule wa pili hushindwa kumlipa wa tatu, na ligi nzima huzama. Ya tatu, na hii ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba maisha ya mchezaji uwanjani ni mafupi. Mwenye duka atauza mwakani na mwaka wa tatu; goti la mchezaji likivunjika leo, hana mwaka wa tatu.

Hoja hizo zina ukweli, lakini hazithibitishi yote yanayodaiwa. Hoja ya mchezaji ni hoja ya mshahara. Inamhusu mtu aliyefanya kazi na hakulipwa ujira wake, na sisi tuliofundwa tangu utotoni kwamba ujira haungojei jasho likauke hatuwezi kuipinga. Lakini hoja hiyo hiyo inamhusu mpishi wa klabu, dereva, mtunza vifaa na mlinzi. Wao pia wametoa jasho. Kama mshambuliaji atalipwa kwanza kwa kuwa ni mfanyakazi, basi na dereva aliyempeleka Mwanza usiku kucha alipwe naye. Ama ada ya uhamisho ambayo klabu moja inaidai klabu nyingine, hiyo ni biashara kati ya wafanyabiashara wawili. Aliyeuza mchezaji kwa mkopo alikuwa na nafasi ya kumchunguza mnunuzi wake. Akijua kwamba atalipwa kwa hali yoyote hata mji mzima ukose, hana sababu ya kuuliza kama mnunuzi ana uwezo, na hapo ndipo uzembe unapozaliwa.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Deni lisitangulizwe kwa kuwa linaitwa deni la mpira. Litangulizwe kwa kutazama jasho lililotolewa na unyonge wa anayedai. Kwanza ilipwe mishahara ya watumishi wote wa klabu, wachezaji wakiwamo, bila kubagua wa kigeni na wa nyumbani, kwa miezi na kiwango kitakachowekwa, ili nyota mmoja mwenye mshahara mnono asilimeze fungu la watu arobaini. Kinachozidi kiwango hicho kingoje pamoja na madeni mengine. Pili walipwe wadai wadogo wa huduma na bidhaa, pamoja na vilabu vidogo vya mitaani na vijijini vinavyodai fidia ya kuwalea wachezaji. Tatu, wadai wengine wote, vilabu vinavyodai ada za uhamisho wakiwamo, wagawane kwa uwiano. Mwisho kabisa wapewe viongozi na wafadhili walioikopesha klabu, kwa sababu wao ndio waliokuwa ndani wakiijua hali yake, na wao ndio walioamua kutumia. Kodi ya Serikali ina sheria yake, nayo ifuatwe. Hatuwezi kuzuia mkono wa FIFA kwa deni la mgeni, lakini hakuna kanuni ya FIFA inayotukataza kumpa mtoto wa nyumbani haki ile ile.

Atakayeona kwamba tunakuza jambo dogo na akumbuke historia yetu wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanga, mji wa reli na bandari, ulikuwa na watumishi wengi wa mashirika yake. Nchi tatu zilijadiliana kwa miaka 7 juu ya mali, kwa usuluhishi wa Dk. Victor Umbricht wa Uswisi, na mwezi Mei 1984 zikatiliana saini mjini Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mabehewa na majengo yakapata wenyewe. Lakini madai ya wastaafu wa Tanzania waliozitumikia reli na bandari zile yalikuwa bado yakisikika miaka ya 2000, na wengi walikwenda kaburini wakiwa wanadai. Funzo lake ni kwamba chombo kikifa bila mpangilio ulioandikwa mapema, vikubwa hupatana kwanza na mnyonge hungoja mpaka nguvu zimwishie. Klabu ya mpira ni chombo kidogo kuliko Jumuiya, lakini mama anayengoja malipo ya chakula alichokwisha pika haoni udogo huo.

Kwa ajili hiyo tunawaomba wakubwa wanaohusika wayafikirie mambo yafuatayo.

Msajili wa vyama na vilabu vya michezo aitake kila klabu iliyoandikishwa ilete kila mwaka orodha ya madeni yake, na orodha hiyo iwe wazi kwa mwanachama na mdai yeyote. Mali bila daftari huisha bila habari, na madeni bila daftari huzaa fitina.

Shirikisho, linapotoa leseni ya kushiriki ligi, lisiridhike na hati ya kwamba klabu haidaiwi na FIFA. Litake uthibitisho kwamba mishahara ya wachezaji wa nyumbani na watumishi imelipwa, na kwamba wadai wadogo wamelipwa au wametia saini mapatano ya kulipwa. Hapo ufunguo utakuwa umetumika kwa faida ya wote.

Bodi ya Ligi itenge sehemu ya fedha za televisheni na udhamini za kila klabu, na klabu ikichelewesha mishahara, sehemu hiyo iende moja kwa moja kwa wanaodai. Fedha isiyopita mikono mingi haipotei njiani.

Klabu isiruhusiwe kuuzwa, kuhama mkoa au kubadili jina kabla ya tangazo la siku 30 la kuwaita wadai. Tumeona timu zikibadili majina na makazi: Ihefu ya Mbarali iligeuka Singida Black Stars mwaka 2024, na timu iliyoitwa Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate mwaka 2023. Hatusemi kwamba hizo zilikimbia madeni. Tunasema kwamba mdai wa Mbarali hana budi kujua mlango wa kubisha ni upi timu inapohamia Singida. FIFA yenyewe, katika kanuni zake za nidhamu za mwaka 2019, imeweka kwamba mrithi wa klabu katika michezo hubeba madeni ya aliyemrithi. Kanuni hiyo na ishuke mpaka kwa wadai wa nyumbani.

Wakubwa wa michezo Zanzibar nao wanayo nafasi nzuri ya kutangulia. Ligi yao ni ndogo na klabu zake hazijazama katika mikopo mikubwa, na ni rahisi kujenga ukuta kabla maji hayajaingia.

Baadhi ya watu watasema kwamba masharti haya yataziua timu za mikoani, ambazo hazina matajiri kama wa Dar es Salaam. Sisi tunaona kinyume chake. Timu ya mkoani haiishi kwa tajiri mmoja. Inaishi kwa mikopo midogo ya watu wengi: siku mbili za malazi hapa, mafuta ya gari pale, mchele gunia moja kwa kusubiri. Mikopo hiyo hutolewa kwa imani. Mwenye nyumba ya wageni aliyedhulumiwa mara moja atadai taslimu mara ya pili, na mara ya tatu atasema vyumba vimejaa. Timu inayojulikana kwamba hulipa itakopeshwa hata katika mwaka mbaya, nayo itauvuka mwaka huo. Imani ya wadai wadogo ndiyo mtaji mkubwa walio nao Wagosi wa Kaya na wenzao, na huo haununuliwi kwa usajili.

Wanachama nao wasijivue lawama. Ni wao wanaopiga makofi mkutanoni kila kiongozi anapoahidi wachezaji kumi wapya, na hakuna anayenyanyua mkono kuuliza watalipwa kwa fedha ipi. Ada ya uanachama isipolipwa, klabu huwa ya mfadhili, na mfadhili akichoka huwa haina mwenyewe. Katika mkutano mkuu ujao wa kila klabu ya pwani hii, kabla ya habari za usajili, na isomwe orodha ya wadai: jina la kila mmoja, kiasi anachodai, na tarehe atakayolipwa.

Tanga husemwa kuwa ni mji wa waja leo waondoka leo. Msemo huo ni wa mapenzi, na mgeni aliyekuja leo na kuondoka leo huondoka akiusifu ukarimu wetu. Ni aibu kwetu iwapo kocha na mchezaji watakuja leo na kuondoka leo wakiacha mishahara yao nyuma, na ni aibu kubwa zaidi iwapo yule asiye na pa kuondokea, mwenye mgahawa wake Ngamiani na basi lake stendi, ndiye atakayeachiwa deni lote alibebe.